Safari ya Ngazija: Usidanganywe na lugha

Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa mwezi wa Agosti, aliletwa katika kliniki yangu hapa Kitengela mama mmoja wa miaka thelathini na kitu. Mumewe alikuwa amemshika mkono huu na wifi yake mkono wa pili. Macho yake yalikuwa yameingia manjano, midomo imekauka, na nilipomwuliza leo ni siku gani alinijibu kwa kunitajia jina la mwanawe. Alikuwa na mimba ya miezi minne.

Homa ilikuwa na siku tano. Siku ya pili alikwenda katika duka moja la dawa, akapimwa damu kwa kipimo cha Widal, akaambiwa ni homa ya matumbo, akapewa vidonge vya siku kumi. Siku ya tatu mumewe alinipigia simu. Mchana huo nilikuwa na foleni ya wagonjwa hadi mlangoni, basi nikamwambia ampe paracetamol na amlete asubuhi yake. Asubuhi homa ilishuka kidogo, wakaona hakuna haja ya kuja. Makosa ya duka la dawa ni ya duka la dawa, lakini langu nalijua: sikuuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kuuliza mwaka wake wa kwanza wodini, yaani mgonjwa ametoka wapi.

Nilipouliza hatimaye, mumewe alinitazama kama mtu asiyeelewa maana ya swali. "Hatukutoka nje ya nchi, daktari. Tulikwenda kwetu tu, Ngazija, kwenye harusi."

Bwana huyo ni mzaliwa wa Mombasa na babu yake alikuwa Mngazija. Walikaa huko majuma mawili, na walikuwa wamerudi siku tisa kabla ya homa kuanza. Damu ya mama ilikuwa imejaa vimelea vya malaria. Tulimpeleka hospitali kubwa jijini Nairobi usiku ule ule, akadungwa sindano za artesunate, na Mungu akamjalia akapona. Mimba ilitoka siku ya tatu. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mwenyewe asijulikane, na ameniruhusu kukieleza kisa hiki.)

Tangu siku hiyo, kila anayeniambia anakwenda Komoro au visiwa vya jirani zake humweka chini tukazungumza. Wanaokwenda si wachache. Wako wafanyabiashara, wako walioajiriwa na mashirika, wako vijana wa mpira, na wako wenye jamaa huko, hasa miezi ya Julai na Agosti wakati Wangazija walioko Ufaransa hurudi kwao na harusi kubwa hufanywa. Mtu aendaye London au Dubai huuliza maswali chungu nzima. Aendaye Ngazija haulizi lolote. Anasikia Kikomoro na Kiswahili ni ndugu, maji huko huitwa "madji", mgeni huambiwa karibu, nguo ni kanzu na leso, chakula ni wali na samaki wa nazi. Ulimi wake uko nyumbani, basi anadhani na damu yake iko nyumbani.

Kinga iliyobaki Busia

Kitengela na Kajiado mjini ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi, na malaria ya kuambukizwa papa hapa ni nadra sana. Sehemu za chini za kaunti yetu, mathalani Nguruman na Magadi, ndiko inakoweza kuzuka baada ya mvua. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa na kulelewa Kitengela hana kinga yoyote dhidi ya malaria. Mbele ya mbu wa Ngazija yeye ni sawa na mtalii kutoka Norway.

Wanaonisumbua zaidi, hata hivyo, ni watu wazima waliozaliwa Busia, Siaya au Kilifi. Huniambia, "Daktari, mimi malaria nimeizoea tangu utotoni." Ni kweli mtu anayeumwa na mbu wenye vimelea mwaka baada ya mwaka hujenga kinga ya kiasi fulani. Lakini kinga hiyo si kama ya surua, ambayo ukishaipata ni yako hadi kufa. Ya malaria huhitaji kuchochewa kila mara. Ukihamia Kitengela ukakaa miaka michache bila kuambukizwa, hupungua. Uliiacha kijijini pamoja na jembe la babu yako.

Visiwa havifanani

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Komoro ilipopata uhuru mwaka 1975 ilibaki na visiwa vitatu: Ngazija, ambako ndiko kuliko mji mkuu wa Moroni, Nzwani na Mwali. Kisiwa cha nne, Mayotte au Maore kama wenyewe wanavyokiita, kilibaki chini ya Ufaransa. Mbele yake iko Bukini, ambayo leo twaiita Madagaska, kisha Réunion, ambayo nayo ni ya Ufaransa, na Mauritius. Kifaransa utakisikia kote huko, lakini magonjwa si yale yale.

Réunion na Mauritius hakuna malaria inayoambukizwa huko. Réunion iliimaliza tangu mwaka 1979. Madagaska ipo, na katika sehemu za pwani ni kali. Komoro ilipiga vita kubwa: wakazi wote walipewa dawa zenye artemisinin kwa mpigo, kwanza Mwali mwaka 2007, kisha Nzwani mwaka 2012 na Ngazija mwaka 2013. Wagonjwa walioandikishwa walipungua kutoka zaidi ya laki moja mwaka 2010 hadi elfu moja na kitu mwaka 2016. Watu wakafurahi, na walikuwa na haki. Baadaye idadi ikaanza kupanda tena, na Ngazija ndiko ugonjwa ulikong'ang'ania zaidi. Kwa hiyo usikubali kuambiwa na binamu yako kwamba "malaria ya Komoro ilikwisha". Anakumbuka habari ya zamani.

Atakayekwenda Ngazija au Madagaska ameze dawa ya kinga. Hutolewa na daktari baada ya kukuuliza maswali, kwa hiyo usiazime ya jirani. Iliyo rahisi ni doxycycline, kidonge cha miligramu 100 kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari, siku zote ukiwa huko, na majuma manne baada ya kurudi. Imeze kwa maji mengi baada ya chakula na usilale hapo hapo, maana huchoma koo la chakula. Aidha hufanya ngozi iungue upesi juani. Haifai kwa mama mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka minane. Mchanganyiko wa atovaquone na proguanil ni ghali zaidi lakini humalizwa siku saba tu baada ya kurudi. Ya tatu ni mefloquine, ambayo ni kidonge cha mara moja kwa juma na yapasa ianzwe majuma mawili au matatu kabla. Mtu aliyewahi kuwa na kifafa au maradhi ya akili asipewe.

Mama mjamzito mimi humshauri aahirishe. Harusi itapigwa picha, na zawadi yaweza kutumwa. Malaria humwandama mwenye mimba kwa ukali usio wa kawaida, na vimelea hujificha katika kondo la nyuma ambako hata kipimo cha damu huenda kisivione. Ikiwa hana budi kwenda, na amwone daktari mapema tuzungumze juu ya mefloquine.

Kuna mzee aliyenifungulia leso iliyokuwa na vidonge vya klorokwini. Serikali ya Kenya iliacha kuitegemea klorokwini mwaka 1998 kwa kuwa vimelea vilishaizoea. Vidonge vile vilikuwa vikubwa kwa umri kuliko mjukuu aliyemsindikiza.

Mbu wa mchana na maji ya birika

Dawa ya kinga huzuia malaria peke yake. Mbu wa malaria huuma usiku, na chandarua kilichotiwa dawa humzuia. Chukua chako, ni chepesi kuliko viatu vya harusi. Lakini yuko mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana kweupe ukiwa umeketi barazani unakunywa chai. Huyu hueneza dengi na chikungunya.

Jina chikungunya ni la kwetu Afrika Mashariki. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lake limetoka katika Kimakonde, likimaanisha kile kinachomkunja mtu. Anayeupata hutembea ameinama kama mzee kwa maumivu ya viungo, na wengine hubaki nayo kwa miezi. Mwaka 2004 ulizuka Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba watu 75 katika kila 100 mjini humo walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani yetu ulifika Mombasa, na mwaka 2005 ukawa Ngazija, ambako watu 63 katika kila 100 waliambukizwa. Kutoka hapo ukarukia Réunion, ukawapata zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa kisiwa kile kufikia mwaka 2006. Ulirudi Réunion tena kwa nguvu mwaka 2025.

Kwa nini Lamu na Ngazija? Sababu mojawapo ni maji. Ngazija ni kisiwa cha volkano, mlima Karthala ungali hai, na mawe yake hunyonya mvua yote kama sifongo. Hakuna mto wa kudumu katika kisiwa kizima. Kwa hiyo watu hukinga mvua katika mabirika makubwa nyumbani. Lamu nako, wakati wa ukame ule wa 2004, watu walijaza maji mitungini na mapipani. Mbu huyu wa mchana hapendi mtaro mchafu. Hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, yaani birika lako hasa. Jipake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 tangu asubuhi, vaa mikono mirefu, na ukiwa mgeni wa nyumba usione haya kumwuliza mwenyeji kwa adabu kama birika lina kifuniko.

Maji hayo hayo ya birika usiyanywe bila kuyachemsha, hata yakiwa maangavu kama kioo. Mwezi Februari 2024 kipindupindu kilitangazwa Komoro baada ya chombo kilichotoka Tanzania kutia nanga kikiwa na abiria wagonjwa, na kufikia mwisho wa mlipuko ule zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameugua. Kiliingia hadi Mayotte. Wala tusijidai, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa nacho mwaka 2022 na 2023. Katika karamu kula kile kinachotoka motoni kikifuka mvuke, matunda uyamenye mwenyewe, na barafu uikatae. Nyama ya kasa ikatae kabisa, kwa kuwa sumu yake haitoki kwa kupikwa. Mwezi Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa kisiwani Panza, Pemba, baada ya kuila. Beba pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Zikikosekana, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa.

Kifaransa cha hospitali

Sokoni Kiswahili chako kitakuvusha. Hospitalini mambo ni tofauti, kwa sababu daktari na mfamasia walisomea kwa Kifaransa na karatasi zote zimeandikwa kwa lugha hiyo. Malaria huitwa "paludisme", au "palu" kwa mkato. Ukisema neno malaria wataelewa, lakini ukiona palu katika karatasi yako ujue ndiyo hiyo. Cheti cha daktari cha kununulia dawa ni "ordonnance". "Matin, midi, soir" ni asubuhi, mchana, jioni. "À jeun" ni kabla ya kula chochote. "Enceinte" ni mjamzito, neno ambalo kila mama mwenye mimba na alijue kabla hajakubali dawa yoyote. Na kuna "suppositoire", dawa ambayo madaktari wa desturi ya Kifaransa huipenda kuliko sisi. Hiyo haimezwi. Hutiwa kwa njia ya haja kubwa. Mgonjwa wangu mmoja aliimeza kwa chai siku mbili, akashangaa kwa nini ina ladha ya mshumaa.

Kama una mzio wa penisilini, kisukari, shinikizo la damu au selimundu, mwombe daktari wako akuandikie karatasi yenye majina halisi ya dawa zako, si majina ya biashara, kwa kuwa ya biashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Dawa zako zote ziwe katika mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, na ziwe za kutosha siku zote za safari pamoja na juma moja la ziada. Insulini isiende katika mizigo ya chini.

Hospitali kuu ya Ngazija ni El-Maarouf, Moroni. Mtu akizidiwa sana mara nyingi husafirishwa nje ya nchi, na gharama yake si mchezo. Uliza kabla ya kuondoka kama bima yako inafanya kazi nje ya Kenya, na kama haifanyi, nunua ya safari. Dukani utalipa taslimu kwa faranga za Komoro, ambazo ni kama 492 kwa yuro moja.

Nina neno moja kuhusu ndege yenyewe. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka tarehe 23 Novemba 1996, wakati ndege iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Mitsamiouli, kaskazini mwa Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamejaza hewa makoti yao ya kujiokolea wangali ndani. Maji yalipoingia yakawaelea na kuwabana darini, wasiweze kuufikia mlango. Mhudumu akisema koti lijazwe hewa ukishatoka nje, msikilize. Na ukifika huko, mashua ndogo za usiku kutoka Nzwani kwenda Mayotte usizipande kwa bei yoyote ile. Zimeua watu wengi mno.

Kadi ya manjano

Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Tulikuwa nayo Bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993, na Isiolo mwaka 2022. Kwa hiyo Madagaska, Mauritius na Réunion huweza kukuzuia mlangoni kama huna cheti cha chanjo. Uwe nacho hata kama unakwenda Ngazija pekee, kwani ndege hubadili njia na safari nazo hubadilika. Chanjo yapasa ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya kusafiri, katika kituo kilichoidhinishwa. Wanaouza kadi bila sindano wanakuuzia kesi. Tangu Julai 2016 cheti kimoja ni cha maisha, kwa hiyo kile cha zamani ulichokipata kikitimiza miaka kumi usidhani kimekufa. Waliopita miaka sitini, wajawazito, na wenye upungufu wa kinga wamwone daktari kwanza.

Ukisharudi

Tuseme umerudi salama Kitengela na zawadi zimegawiwa. Vimelea vya malaria huweza kukaa mwilini siku saba hadi mwezi mmoja kabla ya homa kujitokeza, na mara nyingine hadi miezi mitatu. Katika muda huo, homa yoyote, hata ya saa chache, hata ikiwa na mafua na kuhara, ihesabu kuwa malaria mpaka damu ikanushe. Usiende duka la dawa. Nenda mahali penye maabara siku hiyo hiyo, na kabla hujaulizwa chochote sema, "Nimetoka Ngazija tarehe fulani." Mhudumu wa Kitengela anaona mafua mia kwa kila malaria moja, na hatafikiria usilomwambia.

Usikubali kipimo cha Widal kiwe ndicho pekee. Watu wengi wazima wa nchi hii huonyesha majibu ya homa ya matumbo katika kipimo hicho ilhali hawana ugonjwa. Omba damu itazamwe kwa darubini au kwa kipimo cha haraka cha malaria. Isipoonekana na homa ingalipo, rudia baada ya saa 12 hadi 24, kisha rudia tena mara ya tatu. Wakati unasubiri, meza paracetamol tu. Aspirini, ibuprofen na diclofenac ziache, kwa sababu kama ni dengi zaweza kukuvujisha damu. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi, kutapika kila unachomeza au maneno yasiyoungana, usingoje asubuhi.

Kama ulikuwa ukimeza doxycycline, siku uliyotua Nairobi ungali na majuma manne mbele yako. Vidonge hivyo ndivyo wengi huvisahau katika mkoba, chini ya khanga za harusi.